Gari la Raia, Vimulimuli Nyuma Yako: Utajuaje Kama Ni Polisi Kweli? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Malindi

Maswali haya huulizwa sana hapa Malindi, zaidi na wanaorudi usiku kutoka Mombasa, madereva wanaobeba wageni wa Watamu, na kina mama wanaoendesha peke yao. Majibu yanafuata sheria ya Kenya na hali ya barabara zetu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: taa hazithibitishi chochote. Mtazame mtu anayeshuka garini, namna anavyojitambulisha, na kama yuko radhi jambo lenu limalizikie kituoni.

Kwani polisi wanaruhusiwa kutumia magari yasiyo na alama?

Wanaruhusiwa. Makachero wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, hutembea na magari ya kawaida yenye nambari za raia, na wengi wao huvaa nguo za nyumbani. Subaru ndiyo imetajwa zaidi kwa miaka mingi, hata jina lake peke yake linawatia watu baridi. Probox nazo zimo. Kwa hiyo huwezi kusema "hili si la polisi" kwa sababu halina rangi wala maandishi. Huwezi kusema "hili ni la polisi" pia, maana Subaru huuziwa yeyote mwenye pesa.

Woga wa watu haukutoka hewani. Oktoba 2022 kikosi maalum cha DCI kilichojulikana kama SSU kilivunjwa kwa tuhuma za mauaji na watu kupotezwa. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya kupinga mswada wa fedha, vijana walichukuliwa na watu wasio na sare waliokuja kwa magari yasiyo na alama. Mwenye kukuambia usiwe na wasiwasi kabisa hakutakii mema.

Lakini lina vimulimuli na king'ora. Hiyo si dalili tosha?

Hapana. Vimulimuli hununuliwa kwa wauzaji wa vipuri, na fundi wa umeme wa magari hukufungia nyuma ya kioo cha mbele kabla chai haijapoa. Sheria ya trafiki haimpi kila mtu ruhusa ya kufunga vitu hivyo, lakini ni nani hajawahi kusukumwa kando ya barabara na gari la mheshimiwa, au la mtu anayetaka tu kupita foleni ya Mtwapa? Taa zinakwambia kwamba mtu huyo anataka kupita au anataka usimame. Hazikwambii ni nani.

Mpe nafasi kwanza. Mara nyingi gari hilo lina haraka zake na litakupita. Washa indiketa ya kushoto, sogea pembeni, punguza mwendo. Likikupita, mambo yamekwisha. Likipunguza mwendo pamoja nawe na kuganda nyuma yako, soma jibu linalofuata kwa makini.

Liko nyuma yangu, usiku, na ni wazi mimi ndiye ninayetakiwa kusimama. Nifanye nini?

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva atii maagizo na ishara za afisa wa polisi aliyevaa sare. Zingatia neno sare. Gari la raia linalomweka taa gizani halijakuonyesha sare yoyote. Hata hivyo usilichukue hilo kama ruhusa ya kukanyaga mafuta. Ukitoroka, afisa wa kweli atakuhesabu mhalifu anayekimbia, na nchi hii ina watu waliopigwa risasi kwa dhana kama hiyo. Kanuni za silaha katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 zinataka bunduki itumike pale tu njia nyingine zinaposhindwa, lakini kanuni iliyo kwenye karatasi haizuii risasi iliyokwisha kutoka.

Njia iliyo salama iko katikati: onyesha umemwona, onyesha hukimbii, kisha chagua wewe mahali pa kusimama.

Washa hazadi, zile taa za tahadhari zinazomweka pande zote mbili, mara moja. Punguza mwendo hadi kama kilomita 40 kwa saa na ubaki hapo hapo. Usiongeze, usipunguze kwa kushtuka. Washa taa ya ndani ya gari ili aliye nyuma aone mko wangapi na mikono yako iko wapi. Funga milango na vioo. Mwenye simu asiwe dereva: ukiwa na abiria, yeye ndiye apige. Ukiwa peke yako, tumia spika. Endelea hivyo hadi mahali penye mwanga na watu, kisha usimame.

Mahali gani? Hapa ndipo kujua barabara kunapokusaidia. Ukitoka Malindi kwenda Mombasa, baada ya Gede unaingia sehemu ambayo upande wa kulia ni msitu wa Arabuko Sokoke, na usiku kuna vipande virefu visivyo na taa hata moja. Usisimame hapo kama una hiari. Ukiwa unarudi Malindi, jikaze ufike Gede, njia panda ya Watamu, ambapo hakukosi bodaboda na wauza viazi karai hata saa nne za usiku. Ukiwa umeshapita Gede, lenga kituo cha mafuta chenye mlinzi, au ingia mjini moja kwa moja hadi kituo cha polisi. Upande wa kaskazini, ukishavuka daraja la Sabaki, Mambrui ndiyo kimbilio la kwanza, kisha Gongoni. Huko usiku wenzako wa barabarani mara nyingi ni malori ya chumvi tu, na dereva wa lori lililobeba mzigo hawezi kusimama haraka kukusaidia.

Binamu yangu, dereva wa teksi wa uwanja wa ndege, alifuatwa hivyo pale karibu na Mida. Alifanya kama nilivyoeleza, akasimama Gede mbele ya meza za chakula. Akashuka mwanamume mwenye jaketi la kawaida.

"Mbona hukusimama kule nyuma, mzee?"

"Kule kuna giza, afande, na sare sikuiona. Nimewasha hazadi ujue nimekuona."

Yule bwana akanyamaza kidogo, akatoa kitambulisho, akakishika wima karibu na kioo hadi binamu yangu aliposema amekisoma. Walikuwa wanatafuta gari la rangi hiyo lililoibwa Kilifi. Wakaangalia buti, mmoja akaandika kwenye daftari, wakaenda zao. Walikuwa polisi wa kweli, na hawakuona kosa lolote katika kungojewa mwangani.

Nipige simu wapi?

Nambari za dharura za polisi ni 999 na 112. Sema mambo manne kwa sauti tulivu: wewe ni nani, uko wapi, gari lako ni lipi, na gari lililo nyuma yako linafananaje. Kisha uliza: "Je, mna maafisa waliosimamisha gari hapa sasa hivi?" Taja alama ya mahali badala ya jina la barabara. "Nimepita Gede naelekea Malindi" inaeleweka haraka kuliko maelezo marefu.

Ukweli ni kwamba simu hizo wakati mwingine hulia bila kupokelewa. Dawa yake ni kujiandaa mchana. Pita kituo cha polisi kilicho karibu na njia unayotumia, iwe Malindi, Watamu au Gongoni, umwombe afisa wa zamu nambari ya simu ya kituo, uihifadhi. Hakuna mtu atakayekushangaa. Mpigie pia ndugu mmoja aliye macho, uache simu wazi asikie yote.

Amefika dirishani na anasema ni kachero. Nimuulize nini?

Shusha kioo vidole viwili, sauti na karatasi zipite. Mikono iweke juu ya usukani. Msalimie, salamu haipunguzi haki yako, na inampa mtu nafasi ya kujibu kama mtu. Kisha: "Afande, naomba kuona kitambulisho chako cha kazi, na uniambie unatoka kituo gani."

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi kinampa afisa uwezo wa kusimamisha na kupekua gari analolishuku kwa sababu ya maana. Kifungu hicho hicho kinamtaka ajitambulishe kwanza, na aweke kumbukumbu ya alichofanya na alichochukua. Kwa hiyo unapouliza hukaidi. Unamkumbusha wajibu wake.

Tazama mkono unaoshika kitambulisho. Mwenye nacho hukishika kwa ncha za vidole, picha ikikuelekea, hata ukimwomba akisogeze kwenye mwanga wa simu. Ambaye si chake hukipitisha kama anayefukuza nzi, kidole gumba kikiwa juu ya picha, au hukuonyesha pochi iliyofunguka nusu yenye nembo inayong'aa. Nembo peke yake haina maana. Soma jina na nambari ya huduma kwa sauti, ili aliye upande wa pili wa simu asikie. Linganisha picha na uso. Halafu piga kituo alichokitaja, kwa nambari uliyoihifadhi mwenyewe. Usipige nambari anayokupa yeye.

Nakiri afisa halali naye huweza kuwa mkali. Ukali si dalili ya ubandia, na upole si dalili ya ukweli. Wezi wazuri huwa wapole sana. Kinachonitia shaka zaidi ni haraka: "Shuka sasa hivi," "Zima simu," "Toa ufunguo," kabla hata hajasema jina lake.

Na akitoa bunduki?

Tii. Usibishane sheria na mtu aliyekuelekezea silaha, awe polisi au jambazi. Mikono juu, ionekane, useme kila unachotaka kufanya kabla hujafanya: "Nafungua mlango, afande." Gari hununuliwa jingine. Kariri sura, sauti, viatu na nambari ya gari.

Akiwa na sare, basi mambo yamekwisha?

Yamepungua, hayajakwisha. Jedwali la Sita nililolitaja linasema afisa mwenye sare lazima awe na jina au nambari yake ya huduma mahali panapoonekana wazi. Jina lililofunikwa na koti la mvua wakati hakuna mvua ni sababu tosha ya kuuliza. Tazama pia sare nzima: viatu, mkanda, kofia. Wanaoazima sare huazima shati, mara nyingi viatu vikawa vyao.

Kumbuka pia kwamba barabara zetu zina watu wengi wenye sare. Kandokando ya Arabuko Sokoke utakutana na walinzi wa misitu na askari wa wanyamapori. Mjini kuna askari wa kaunti, ambao gari lao lina nambari inayoanza na 03CG, yaani Serikali ya Kaunti ya Kilifi. Hao wana kazi zao, ikiwemo maegesho na ushuru. Askari wa kaunti anayekufukuza usiku kwa vimulimuli nje ya mji ana maswali ya kujibu.

Nambari ya gari inaweza kunisaidia?

Kidogo. GK ni ya serikali, lakini gari la kachero linaweza kuwa na nambari ya raia, na mwizi anaweza kubandika nambari ya gari jingine. Faida yake kubwa ni baadaye. Kwa akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unaweza kulipia na kutafuta kumbukumbu za gari. Nambari ikisema ni lori la rangi ya bluu na wewe ulifuatwa na Probox nyeupe, hapo umeshapata cha kuwapa wapelelezi.

Wanataka niingie gari lao twende kituoni. Niingie?

Omba uendeshe gari lako hadi kituoni, wao wakifuata nyuma au wakitangulia. Sema hivi: "Afande, sikatai kwenda. Kituo cha Malindi nakijua, naenda mbele yako." Afisa halali aliyekusimamisha kwa kosa la barabarani kwa kawaida hana sababu ya kukataa. Akikataa, muulize kama umekamatwa na kwa kosa gani.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema anayekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine wanaoweza kumsaidia, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ukiwa umekamatwa, nenda, lakini jamaa yako awe ameshajua jina la afisa na kituo mnachokwenda. Mkifika, hakikisha umeandikwa kwenye kitabu cha matukio, OB, na uombe nambari yake. Mtu asiyeandikwa OB ni vigumu mno kumtafuta.

Nalisisitiza hilo kwa sababu hata kitambulisho cha kweli hakimalizi kila kitu. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walitekwa wakitoka mahakamani Mavoko, wakauawa. Watekaji hawakuwa polisi bandia. Maafisa watatu wa polisi na mpasha habari wao walipatikana na hatia mwaka 2022, wakahukumiwa Februari 2023. Dereva Muiruri hakuwa na kesi na mtu. Alikuwa kazini.

Kwa upande mwingine, gari likipita njia panda ya kituo bila kukata kona, au likielekea kwenye mashine ya kutoa pesa, huko hakuna kituo.

Mimi ni mwanamke na niko peke yangu. Kuna tofauti?

Ipo katika upekuzi wa mwili. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai, Sura ya 75, kinataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Kama hakuna afisa wa kike hapo, sema utapekuliwa kituoni. Buibui yako na mkoba wako havibadilishi hilo. Mengine yote ni yaleyale, ila mimi ningekuwa mgumu zaidi katika kutosimama gizani, na dada zangu nimewaambia hivyo hivyo.

Wanasema nilipe faini hapo hapo, wataniachia.

Malipo ya serikali yana mfumo: eCitizen, kwa nambari ya malipo 222222. Dhamana ya kituoni ina risiti. Pesa inayotakiwa mkononi, au kwa M-Pesa ya mtu binafsi, ni hongo kama aliyeiomba ni polisi, na ni wizi kama si polisi. Jibu moja linatosha kwa wote wawili: "Niandikie kosa, nitafika kituoni au mahakamani." Jambazi hapendi karatasi.

Je, bodaboda na tuktuk?

Hawa wanasumbuliwa zaidi, na hawana mlango wa kufunga. Ukisimamishwa na gari la raia, usizime injini kabla hujaona kitambulisho, na usitoe ufunguo kwa mtu asiyejitambulisha, maana pikipiki nyingi huibwa kwa njia hiyo tu: "Leta ufunguo, tunaipeleka kituoni." Simama stejini, mbele ya wenzako. Mwenyekiti wa steji mpigie papo hapo. Abiria akikuhimiza usimame mahali pasipo watu eti "hao nawajua, ni polisi", kuwa macho na abiria pia.

Barabara ya Lamu nayo?

Hiyo ina kanuni zake. Kuanzia Garsen, Witu hadi Mokowe kuna vizuizi vya usalama, na kwa miaka mingi mabasi yamekuwa yakisindikizwa, hasa baada ya mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014 na lile la basi Nyongoro Januari 2020. Kwenye kizuizi simama kabisa, punguza taa za mbele, washa ya ndani, subiri uitwe. Safiri mchana. Gari la raia likikutaka usimame baina ya vizuizi, endelea kwa mwendo wa pole, hazadi zikiwaka, hadi kizuizi kinachofuata. Ukishavuka kwenda kisiwani unaliacha jambo hili ng'ambo, magari ya Lamu mjini yakiwa ya kuhesabu.

Nimegundua walikuwa bandia. Niripoti wapi, na niseme nini?

Nenda kituo kilicho karibu, usiku huo huo ukiweza, uandikishe na uchukue nambari ya OB. Kujifanya mtumishi wa umma ni kosa chini ya kifungu cha 105 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, hata kama hawakukuibia kitu. Usione aibu kwamba hukupoteza chochote. Atakayefuata huenda asiwe na bahati yako. DCI wana nambari ya bure ya kupokea taarifa, 0800 722 203.

Kama walikuwa polisi kweli na wamekudhulumu, malalamiko hupelekwa IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Nambari yao ya bure ni 1559. Kama huna hakika walikuwa nani, ripoti kote kuwili.

Kabla hujalala, andika: saa, mahali, rangi ya gari, nambari hata kama ni nusu, maneno waliyotumia, lafudhi zao, nani alikuwa usukani. Asubuhi rudi pale kwenye kituo cha mafuta au duka ulikopita ukifuatwa, umwombe mwenyewe aihifadhi picha ya kamera ya usiku huo, maana kamera nyingi hujifuta baada ya siku chache. Mpelekee mpelelezi jina la duka na saa kamili.